Kivinjari Kisichonijua

Nenosiri langu nalijua. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyemwendea kwa msaada alianza kwa kuniuliza, kwa sauti ile wanayosemeshwa wagonjwa, kama nina hakika kwamba silikosei. Silikosei. Ningelikosea, tovuti ingenitolea maandishi mekundu nami ningenyamaza. Lakini hii hainikatai, hainikaripii wala hainipokei. Naandika jina na nenosiri, nabofya "Ingia", kiduara kinazunguka kwa adabu zote, kisha naletewa ukurasa uleule wa kuingia, mtupu, kana kwamba hatujawahi kuonana. Nimepiga hodi mara kumi na moja, nikaitikiwa "karibu" mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nikajikuta nimesimama nje.

Aliyenifumbua macho ni mwanangu, aliyeuliza swali moja tu: "Baba, vidakuzi umevizuia?" Nilimjibu kwa fahari kwamba nimevizuia vyote. Ningefanyaje? Neno lenyewe lina undugu na mdakuzi, yaani mtu asiyeweza kutunza siri za wenzake, na mimi sikulelewa kukaribisha watu wa namna hiyo, hata wakiwa wadogo kiasi gani. Kumbe hao ndio walionitambulisha siku zote. Itifaki ya wavuti haina kumbukumbu: kila ombi linalotoka kwenye kivinjari hufika kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, kama mgeni mpya, na ni kidakuzi, kijifaili kilichobuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, kinachoieleza seva kwamba huyu ndiye yule aliyeingia sasa hivi. Mimi nilikuwa nakabidhiwa kitambulisho mlangoni, nakitupa papo hapo, kisha nalalamika kwamba sitambuliwi. Wanaofaa kuzuiwa ni vidakuzi vya washirika wengine, vile vinavyomwandama mtu kutoka tovuti hii hadi ile. Vya tovuti yenyewe huachwa. Kwa nini mipangilio haikueleza hivyo waziwazi? (Ilieleza. Sikusoma.)

Nikaviruhusu, nikaingia, na ndani nikakuta ukurasa uko uchi: menyu zimelaliana, maandishi yamerundikana upande wa kushoto, na picha zimekuwa viboksi. Hapo nikafundishwa kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, ili ukurasa upakuliwe upya wote. Kivinjari, kwa ubahili wake wa kusifiwa, huweka akiba ya mavazi ya ukurasa ili kisiyapakue upya kila mara. Tovuti ilikuwa imeshabadili mitindo, nacho kiking'ang'ania kuivika nguo za mwaka jana. Mavazi yalikaa sawa, isipokuwa kitufe cha "Tuma", ambacho ndicho pekee nilichokifuata, hakikuonekana popote. Nikafungua dirisha la faragha, na hapo kilikuwepo, kimetulia, kikinisubiri. Viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye kivinjari, kwa kawaida havifanyi kazi katika dirisha hilo mpaka viruhusiwe, kwa hiyo mshtakiwa alijulikana mara moja: kiendelezi changu cha kuzuia matangazo kilikuwa kimekiona kitufe hicho kuwa tangazo. Nilikizima kwa tovuti hiyo peke yake, nikabofya "Tuma", kazi ikaisha.

Ningeinuka pale, leo ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini nilikuwa nimekwisha kuonja utaalamu, na mtaalamu mpya hutafuta mgonjwa. Nilifungua "Futa data ya kuvinjari", nikachagua muda wote badala ya saa moja iliyopita, nikatia tiki katika kila kiboksi nilichokiona, kikiwemo cha manenosiri yaliyohifadhiwa, nikabofya kwa kidole kisichotetemeka.

Sasa hakuna tovuti hata moja inayonijua. Lile nenosiri nililolijua ni moja. Mengine yote alikuwa akiyajua kivinjari kwa niaba yangu. Nimebofya "Umesahau nenosiri?", nikaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwenye barua pepe yangu, ambayo nayo imenifungia nje. Barua pepe hiyo ikajitolea kutuma namba kwenye anwani yangu ya akiba, nayo anwani ya akiba, nilipoiendea, ikanieleza kwa upole kwamba namba yake itatumwa kwenye ile ya kwanza.

Mwanangu amesimama nyuma ya kiti changu. Bado hajaniuliza kama nenosiri nalijua.