Injini ikinoki: isukwe upya au inunuliwe ya mtumba?

Injini ikinoki, yaani ikifa kwa kuharibika ndani, ushauri wa kwanza kwenye gereji nyingi ni mfupi: "Ya Japani ipo, kesho jioni unaondoka." Kwa mwenye Hiace ya abiria, ambaye kila siku gari likilala hela haiingii, maneno hayo ni matamu. Lakini kama unataka gari likufae miaka mitano ijayo, uliza kwanza ni injini gani, na imekufa kwa nini.

Chukua 3L na 5L za pampu ya kawaida, dizeli za Hiace na Hilux. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni chuma kitupu, nene. Silinda zikichakaa zinachongwa, zinaingia pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za awali), krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inasagwa na kuwekewa beringi za kulingana nayo. Injini hii ikisukwa, yaani ikifumuliwa na kujengwa upya, na fundi mwenye vipimo, naiamini kuliko mtumba wowote, maana ubovu wake umeuona mwenyewe. Umepitisha kucha ukutani mwa silinda, pale juu ringi ya kwanza inapogeukia, ukahisi ngazi iliyochimbika. Ya mtumba nani ataifungua? Kilomita zake zilibaki kwenye dashibodi ya gari lililokatwa Japani, na huenda imepitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo.

Wanaopinga kusuka wana hoja nzito, nami sitaipuuza: kazi hiyo inapita mikono mingi, na mkono mmoja mbovu unaharibu yote. Nimeshuhudia bloku iliyotoka kuchongwa ikifutwa kwa petroli na kitambaa chini ya mwembe, vumbi la barabara likipita juu yake. Haikumaliza miezi mitatu ikaanza kula oili. Unga wa kuchongea hautoki kwa petroli. Unatoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi, unasugua mpaka kitambaa cheupe kipite ndani ya silinda na kutoka cheupe. Fundi asiyefanya hivyo, heri ununue mtumba.

Kwa IST na Vitz zenye injini za 1NZ na 2NZ, mtumba unashinda. Bloku ni alumini yenye slivu (kuta za silinda) nyembamba za chuma zilizomiminiwa humo humo, nafasi ya kuchonga ni finyu, na injini zenyewe zimejaa sokoni.

Injini ya 2AZ ya Alphard na Harrier ni habari nyingine. Nyingi za miaka ya 2006 hadi 2009 zinakula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zilizotoka nazo kiwandani, hata Toyota ikawabadilishia wateja wa Marekani. Ukinunua mtumba wa miaka hiyo umehamisha ugonjwa. Hapa fumua, weka pistoni za toleo lililorekebishwa.

Ukiamua mtumba, fungua kifuniko cha oili uone kama ndani kuna tope jeusi, na pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla hujatoa hela: kwa injini ya petroli, silinda zisipishane zaidi ya bar 1 hivi. Namba mpya ya injini ipelekwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kadi ya gari irekebishwe.

Na kama ya kwanza ilikufa kwa kuchemsha, usikubali rejeta ileile irudi bila kuzibuliwa. Mafundi huifunga tena kwa haraka ya kukabidhi gari, na injini mpya inaanza safari na maji yaleyale ya kutu.