Ulimi Huponza Kichwa, na Kimya Je?

Machi 2025, katika eneo la viwanda mjini Kisumu, mzee mmoja wa mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi alisimama kwenye dirisha la malipo, karatasi ya mshahara ikiwa imekunjwa mara nne mkononi, akiulizia makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa pensheni. "Dada, hii 2,400 ya NSSF ni ya nini? Si juzi tu ilikuwa 200?" Karani hakuinua macho. "Hayo waulize NSSF wenyewe." Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikakasirika kwa niaba yake.

Baadaye nilizungumza na karani yule, hasira ikapoa. Mkubwa wake alikuwa amemwonya: neno la pensheni likienda kombo, kesi ni ya kampuni, barua ya onyo ni yako. Tumezoea kusema waajiri hunyamaza kwa ujanja. Wajanja wapo, hasa wanaokata michango na kuikalia. Lakini mwenye wafanyakazi ishirini mara nyingi hunyamaza kwa woga tu, na woga wenyewe una sababu.

Chukua ile 2,400. Sheria ya NSSF ya 2013 ilikwama mahakamani kwa miaka, watu wakazoea 200. Februari 2023 ilipoanza kutumika, mzee huyu akakatwa 1,080, mwaka uliofuata 2,160, kisha 2,400. Katikati ya hayo, Februari 2024, Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyoifungulia njia sheria hiyo na kuirudisha kesi huko, huku makato yakiendelea. Sasa gawanya 2,400 yenyewe kwa viwango vya 2025: 480 ilikuwa ya daraja la kwanza, hiyo lazima iende NSSF. Iliyobaki, 1,920, ilikuwa ya daraja la pili, na mwajiri aliyeruhusiwa na RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni, anaweza kuipeleka kwenye mpango mwingine wa pensheni. Mwajiri huongeza kiasi kilekile, kwa hiyo daraja la pili peke yake lilikuwa 3,840 kila mwezi, za mtu mmoja, ambazo karani aliyesomea uhasibu wa kawaida anatarajiwa kuzieleza dirishani huku foleni ikisonga. Akiteleza na kusema "mpango wetu utakupa zaidi ya NSSF", ameahidi asichoweza kukijua.

Waajiri huogopa kesi kama ya Hagen, Uingereza, 2001. Wafanyakazi waliohamishiwa kampuni nyingine waliambiwa mambo ya pensheni yao ambayo hayakuwa sahihi, wakayategemea, na mwajiri akawajibishwa kwa uzembe wa maneno. Hukumu za huko haziwafungi majaji wetu, ila mawakili wetu huzitaja.

Wanachosahau ni kwamba kimya nacho kimewahi kushtakiwa. Katika kesi ya Scally, 1991, madaktari wa Ireland ya Kaskazini walikuwa na nafasi ya kununua miaka ya ziada ya pensheni ndani ya muda maalumu. Hawakuambiwa, na peke yao wasingejua. Mahakama ikasema mwajiri alipaswa kuwajulisha. Halafu 2004, katika kesi ya Crossley, mahakama ya rufani ya huko ikakataa kumtwika mwajiri jukumu la jumla la kulinda maslahi ya kifedha ya mfanyakazi. Ukizisoma pamoja, anayeeleza kilichoandikwa ana hatari ndogo kuliko anavyodhani. Hatari iko kwa anayebuni, na kwa anayeficha haki yenye tarehe ya mwisho.

Upande wa mfanyakazi unajieleza wenyewe. Kosa la pensheni hugunduliwa mtu akiwa na miaka sitini, kampuni pengine imeshafungwa, na hana miaka mingine ya kufidia. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inataka makato yaelezwe kwa maandishi na masharti ya pensheni yatajwe. Lakini tukimtisha kila karani kwa kesi, yule mzee ataendelea kujibiwa "waulize NSSF", nasi tutasema tumemlinda.

Karani yule siku hizi huandika madaraja yote mawili kwa kalamu nyuma ya karatasi ya anayeuliza, na kumwonyesha kila moja inakoenda. Akiulizwa kama pesa hizo zitamtosha mtu uzeeni, bado anajibu "sijui", na hapo sina ugomvi naye.