Droni ikiua, nani ataitwa kujibu?

Tarehe 29 Agosti 2021, Wamarekani wakiwa katika pilikapilika za mwisho za kuondoka Kabul, droni yao aina ya MQ-9 Reaper ililiandama gari jeupe, Toyota Corolla, kwa karibu saa nane. Waliokuwa mbele ya skrini walimwona dereva akisimama hapa na pale, akipakia watu na kuwashusha, akitia vitu vizito kwenye buti. Siku tatu kabla, mtu aliyejilipua langoni mwa uwanja wa ndege alikuwa ameua umati wa Waafghani na wanajeshi 13 wa Marekani, kwa hiyo kila jicho lililokuwa kwenye skrini lilikuwa likimtafuta mlipuaji wa pili. Gari likaingia uani kwa mwenyewe. Familia yake inasema watoto walitoka mbio kumlaki. Kombora la Hellfire likashuka palepale lilipoelekezwa. Walikufa watu 10, na 7 kati yao walikuwa watoto.

Dereva yule alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada ya chakula. Vile vitu vizito vilikuwa madumu ya maji. Mkuu wa majeshi wa Marekani wakati huo, Jenerali Mark Milley, alisema mwanzoni kwamba shambulio lile lilikuwa la haki. Waandishi wa habari walipochimba, tarehe 17 Septemba jeshi likakiri kosa na kuomba radhi. Ilipofika Desemba ikatangazwa kwamba hakuna mwanajeshi hata mmoja atakayeadhibiwa.

Mitambo yote ilifanya kazi siku ile. Kamera iliona, mawasiliano hayakukatika, kombora halikupotea hata mita chache. Kilichokosekana ni kujua yule mtu ni nani, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna kiwanda cha silaha kinachoweza kulitengeneza. Kwa miaka mingi sasa tunauziwa usahihi wa silaha kana kwamba ndio uadilifu wenyewe: tunaambiwa vita vimekuwa safi kwa sababu bomu linaweza kupita dirishani. Mimi sikubali. Usahihi ni sifa ya chuma. Uadilifu unaanza kwa mtu anayeamua nani afe, na unapimwa kwa jambo moja zaidi ya yote: akikosea, anaitwa kujibu au haitwi?

Najua hoja ya upande wa pili na siidharau. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, mwaka 1945, ndege za Marekani ziliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto, na takriban watu 100,000 waliteketea. Hakuna aliyekuwa akiwachagua. Ukiweka usiku ule kando ya kombora moja linalopiga gari moja, huwezi kusema dunia haijapiga hatua. Na kuna hoja iliyo karibu nasi zaidi. Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, wakawaua vijana wengi kiasi kwamba serikali haikutoa hesabu kamili hadharani. Mzazi aliyempoteza mwanawe El Adde akisema afadhali ingetumwa mashine, nani kati yetu ana ubavu wa kumwambia anakosea? Mimi sina. Mwanajeshi naye ni mtoto wa watu.

Pia sikubaliani na wanaosema ubaya wa droni ni uoga, kwamba anayeua bila kuhatarisha roho yake si mpiganaji. Vita vya upande mmoja si vipya, na pwani yetu inavijua. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zililipiga kasri la Sultani wa Unguja kwa muda usiofika dakika 40. Watu wapatao 500 waliokuwa kasrini na pembeni yake waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ulikuwa ubabe mtupu. Lakini hata katika ubabe ule, tunajua Basil Cave ndiye aliyekuwa balozi mdogo, tunajua Harry Rawson ndiye aliyekuwa amiri wa meli zile, na saa tatu asubuhi ilipotimia tunajua muda waliompa Sayyid Khalid ulikuwa umekwisha. Historia ina mtu wa kumnyooshea kidole. Katika vita vya leo mtu huyo anayeyuka. Kuna aliyekusanya taarifa, kuna aliyetafsiri picha, kuna aliyeendesha droni, kuna mwanasheria aliyeidhinisha, kuna kamanda aliyesema piga, na sasa kuna programu iliyopendekeza jina. Kila mmoja ana kipande chake cha uamuzi, na kipande hicho ni kidogo kiasi kwamba hakimkoseshi mtu usingizi wala hakimfikishi mahakamani.

Hapo kwenye programu ndipo ninapoogopa hasa. Aprili 2024 jarida la +972 la Israeli lilichapisha maelezo ya maofisa wa ujasusi wa nchi hiyo kuhusu mfumo wa akili unde uitwao Lavender, uliotumika Gaza. Kwa maelezo yao, mfumo huo uliwaorodhesha Wapalestina wapatao 37,000 kuwa washukiwa wa makundi yenye silaha; walijua kwamba hukosea takriban mara 1 kati ya 10; na ofisa mmoja alisema alikuwa akitumia kama sekunde 20 kwa kila jina, zaidi kuhakikisha tu kwamba aliyetajwa ni mwanamume. Jeshi la Israeli lilikana, likasema ni hifadhidata ya kuwasaidia wachambuzi na kwamba binadamu ndiye anayeamua.

Tuchukue hesabu ya maofisa wale kama ilivyo. Moja ya kumi ya 37,000 ni watu 3,700. Hao si waliouawa wote, ni walioorodheshwa kimakosa, lakini fikiria maana yake: mtu anaketi mezani akijua kwamba katika kila majina kumi anayoyapitisha, moja ni la mtu asiye na hatia, na hajui ni lipi. Akiwa hakimu, tungemvua joho. Akiwa daktari wa upasuaji, tungemfungia asishike kisu tena. Vitani tunaambiwa kiwango hicho kinakubalika, kwa kuwa mashine hufanya kazi haraka na adui ni wengi. Na hata tukikubali utetezi wa jeshi, kwamba binadamu ndiye anayeamua, sekunde 20 zinatosha kuamua nini? Mtu huyo amewekwa pale ili pawepo na sahihi.

Kuna wanaosema dawa ni kuwaonyesha wauaji nyuso za wanaowaua. Ati umbali ndio unaofisha dhamiri. Mji wa Kherson, kusini mwa Ukraine, umelijibu hilo kwa uchungu. Huko droni ndogo, za bei ambayo hata kijana wa mtaani akijichanga angezimudu, zimekuwa zikiwawinda raia barabarani: mtu kwenye baiskeli, mtu anayetoka dukani, gari la wagonjwa. Anayeiendesha amevaa miwani yenye skrini na anamwona mlengwa wake kwa karibu kuliko mpiga mshale yeyote wa kale. Video za mashambulio hayo zilirushwa mtandaoni kwa majigambo. Mwaka 2025 Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha kwamba mashambulio hayo ya vikosi vya Urusi ni uhalifu dhidi ya binadamu. Kuona kupo. Aliyeona hakuzuiwa na alichokiona, maana alijua hakuna atakayemgusa.

Na tusidhani haya ni ya Wazungu na Waarabu tu. Januari 7, 2022, siku Waethiopia wengi wanayosherehekea Krismasi, droni ilishambulia shule iliyogeuzwa kambi ya wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray. Waliokufa hawakupungua 50. Mabaki ya kombora yaliyookotwa pale yalikuwa ya aina inayobebwa na droni za Uturuki. Sudan ndiyo imekuwa uwanja wa majaribio wa kila mwenye bidhaa yake. Septemba 19, 2025, mjini El Fasher, watu walikuwa wamejipanga safu kwa sala ya alfajiri msikitini, droni ikawapiga. Waliokufa walizidi 70, na lawama zikawaangukia wapiganaji wa RSF, kundi la wanamgambo linalopigana na jeshi la Sudan. Khalifa Abubakar, alipoliaga jeshi lililokuwa likielekea Sham, aliliusia lisiue mtoto, wala mwanamke, wala mzee, lisikate mti wa matunda, na liwaache watawa katika ibada zao. Zimepita karne kumi na nne. Wasia ule ulihitaji askari anayeusikia na amiri anayeuliza baada ya vita.

Ni kweli chombo hichohicho kinaweza kulinda. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha droni zisizo na silaha kutoka Goma, mara ya kwanza katika historia yake, ili kufuatilia nyendo za makundi ya waasi mashariki mwa Kongo. Sina ugomvi na jicho angani.

Kisa kinachonikaa moyoni kuliko vyote ni cha Somalia. Aprili 1, 2018, Marekani ilishambulia gari karibu na El Buur, katikati mwa nchi hiyo, ikatangaza kuwa imeua magaidi watano na kwamba hakuna raia aliyedhurika. Mwaka mmoja baadaye ikakiri kuwa raia wawili waliuawa. Walikuwa mama na binti yake mdogo. Baada ya hapo familia ilihangaika miaka na miaka kutafuta fidia bila kuipata, ilhali Bunge la Marekani linaruhusu jeshi kutumia hadi dola milioni 3 kwa mwaka kuwafuta machozi raia wa namna hiyo. Mtu akitaka kulalamika, kamandi ya Marekani ya Afrika ina fomu mtandaoni. Mtandaoni! Huko kwenye maeneo ya Al-Shabaab, ambako kundi hilo liliwapiga watu marufuku kutumia intaneti kwenye simu zao tangu 2014.

Wasomali wana sheria yao ya kimila, xeer, iliyokuwapo kabla ya serikali yoyote kusimama pale. Mtu akiuawa, hata kwa bahati mbaya, ukoo wa aliyeua unawajibika pamoja naye. Wazee wake wanakuja, wanaketi na wazee wa marehemu, wanakubali kwamba damu imemwagika na mkono uliomwaga ni wao, kisha dia inapangwa, kwa desturi ngamia 100 kwa mwanamume. Ina kasoro zake, na damu ya mwanamke kuhesabiwa nusu ni dhuluma ya wazi. Lakini nguzo yake ni kwamba lazima aje mtu. Bila kuja mtu na kukiri, hakuna ngamia wanaoweza kuimaliza kesi, na kisasi kinabaki kikitokota. Droni haina ukoo. Familia ile haikukosa pesa tu. Ilikosa mtu wa kuketi naye chini. Kisha wakubwa wanashangaa kwa nini vijana wa maeneo hayo wanaendelea kujiunga na Al-Shabaab.

Watakaoniambia silaha haizuiliki wakishaijua, nawajibu kwa mabomu ya ardhini. Bomu la ardhini ndilo babu wa silaha zinazojiamulia: linakaa, linangoja, halijui kama aliyelikanyaga ni mwanajeshi au mtoto anayechunga mbuzi. Mkataba wa Ottawa wa 1997 uliyapiga marufuku, na Msumbiji, iliyokuwa imejaa mabomu hayo, ikatangaza mwaka 2015 kwamba imeyamaliza yaliyojulikana. Inawezekana. Ni kweli pia kwamba mwaka 2025 Lithuania, Latvia na Estonia, pamoja na Finland na Poland, zilianza kujiondoa kwa hofu ya Urusi, na hilo limenisikitisha. Ahadi inayovunjwa pindi hofu inapoingia iliwekwa kwa ajili ya wakati gani?

Oktoba 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, na rais wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, Mirjana Spoljaric, walizitaka nchi zikamilishe mkataba wa silaha zinazojiamulia ifikapo 2026. Desemba 2024 nchi 166 kwenye Baraza Kuu zilipiga kura kuunga mkono mazungumzo. Zilizopinga ni 3, Urusi, Belarusi na Korea Kaskazini. Kura hiyo haifungi mikono ya yeyote. Nchi zetu, ambazo ndizo silaha hizi zinakojaribiwa, hazipaswi kukaa nyuma ya chumba zikisubiri wenye viwanda waandike masharti.

Na zisingoje mkataba. Serikali yoyote ya Afrika Mashariki inayonunua droni zenye silaha, au inayoiachia nchi nyingine anga na viwanja vyake vya ndege, inaweza leo kuliomba bunge lake litunge sheria yenye mambo machache: kila shambulio liwe na jina la ofisa aliyeliamuru, limehifadhiwa mahali ambapo mahakama inaweza kulidai, idadi ya raia waliokufa itangazwe kwa muda maalumu, iwepo ofisi wilayani, yenye mlango na karani anayezungumza lugha ya watu wa pale, ambako mfiwa anaweza kwenda kwa miguu, na ofisa wa jeshi aende msibani.

Jeshi litasema masharti hayo yatapunguza kasi ya operesheni. Naam, yatapunguza. Kule Kabul walikuwa na saa nane za kuitazama Corolla ile, na hakuna sheria iliyomlazimisha mtu yeyote kupiga simu kwa shirika la misaada kuuliza dereva wao ni nani.