Damu ya wanaume wanne kwenye basi la Tanga

Jamani mimi na shoga angu tulikuwa tunasoma Dracula, ile riwaya ya Bram Stoker ya 1897 ya mnyonya damu anayeitwa Dracula, kila mtu kwenye simu yake, na yeye kamuelewa balaa Van Helsing, yule daktari mzee wa Kiholanzi, anamuita shujaa, wakati mimi huyo mzee ananikera toka anaingia. Sasa basi limepita Chalinze shoga kapiga, mtandao unakatakata, na mimi mtandao ukikata huwa napayuka nadhani ndo nausaidia.

"We unamteteaje daktari? Binti wamemtia damu ya wanaume wanne na yeye hawajamwambia kitu!"

Basi zima kimya. Sijali, naendelea.

"Amelala hajitambui wanamtia tu! Kwanza ya mchumba wake, af ya daktari kijana ambaye binti alishamkataa, af ya mzee mwenyewe, af ya Mmarekani, naye alishakataliwa! Na mchumba anajua ni yeye peke yake! Kafa, wakaenda kufungua jeneza, mchumba mtu anapewa nyundo ampigilie mpenzi wake kigingi kifuani, kichwa wakakata, mdomoni wakajaza kitunguu swaumu, huo ndo ushujaa?"

Pembeni yangu kulikuwa na mama kapakata kichanga. Nikaona anamfunika na kanga, nikajua ni kiyoyozi.

"Aah, yule mtoto wa kwenye mfuko ni kesi nyingine, yule kaletwa na mwenye nyumba, Dracula, wale wanawake watatu wa kwake wakamfaidi, mama yake kaja kumlilia akaitiwa mbwa mwitu. Na yule wakili mgeni wake yuko dirishani anasikia yote, anaandika kwenye dayari!"

"KONDAAA! Huyu dada mumiani!"

Weee. Ukitaka kujua watu wa barabara ya Tanga mumiani wanamjua tamka hilo neno kwenye basi lililojaa. Mzee mmoja wa siti ya nyuma akasimama kabisa, akaanza kusimulia jinsi wakati wa mkoloni baba yake na wenzake walivyokuwa wakiona gari la zimamoto wanakimbilia porini kwa sababu ilisemekana linakusanya damu za watu. Nikasema shikamoo mzee, hiki ni kitabu tu. Hakuitikia. Konda akavuta begi langu akafungua zipu mbele za watu, na humo ndani bi mkubwa aliniagiza vitu viwili tu kutoka Kariakoo, kitunguu swaumu na mchi mpya wa kinu. Konda kaunyanyua ule mchi juu, basi zima likasema "Heee!"

Dereva akakunja kona moja kwa moja kituo cha polisi cha njiani.

Afande alikuwa mtu mzima mpole, katoa daftari, kalamu.

"Marehemu anaitwa nani?"

"Lucy, afande."

"Ukoo?"

"Westenra."

"Chukua kalamu andika mwenyewe. Tukio limetokea wapi?"

"Uingereza. Ila afande hiyo hadithi ni ya 1897."

Akaweka kalamu chini. Mi nikajua yameisha, kumbe ndo kwanza anavuta kiti. "Haya, anza mwanzo."

Nikaanza, abiria wamejaa mpaka madirishani. Nilipofika kwenye damu dada mmoja akapenya mbele, kumbe nesi. "Walipima grupu?" Nikamwambia dada yangu, magrupu ya damu Karl Landsteiner kaja kuyatangaza 1901, hawa walikuwa wanatia tu.

"Basi wamemuua wao," nesi akasema, "wanamsingizia Dracula wa watu."

Afande akauliza kama binti alisaini popote. Hola. Af nikawaambia ile iliyoniudhi kuliko zote, kwamba baada ya mazishi mchumba anajifariji eti ile damu yake imewafanya mke na mume mbele za Mungu, na Van Helsing akipanda gari anaangua kicheko hadi analia, maana kwa hesabu hiyo marehemu kaacha waume wanne, na yeye mzee mwenyewe ana mke! Mzee wa zimamoto alicheka hadi kofia ikadondoka, akasema sasa mirathi mtagawanaje.

Mama wa kichanga hakucheka. "Na yule mtoto wa kwenye mfuko, wakili alikwenda kuripoti lini?"

Nikamwambia mama angu, hakuna aliyekwenda polisi, mtoto hata jina hawakumpa.

"Hata jina," akasema, akamuangalia afande kama faili linapotelea pale pale kituoni. Afande wa watu akainama anatafuta kifuniko cha kalamu.

Tumeruhusiwa, dereva kachukia mpaka basta. Mchi na vitunguu konda kavishikilia mbele hadi Tanga, eti usalama wa abiria. Mama kagoma kabisa kukaa na mimi, wakabadilishana siti na nesi, na nesi naye hakuninyamazia njia nzima, anamtaka yule mgonjwa wa akili anayekula nzi, anatibiwa nini. Nikamwambia dada, yule daktari wake anamuachia tu, nzi, buibui, mpaka ndege, anataka aone ataishia wapi ili aandike.

Nesi akatoa simu akataka jina la hiyo hospitali.