Wimbi lililokwama: nyutrino au sumaku?

Nyota kubwa hulipukaje? Jibu la haraka ni kwamba kiini chake cha chuma, kikifikia uzito wa takriban majua 1.4, huporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, kikawa donge la nyutroni, chembe zisizo na chaji zilizomo ndani ya atomu. Maada inayofuata hujibamiza kwenye donge hilo na kurudi kama wimbi. Jibu hilo halitoshi. Wimbi hupoteza nguvu kwa kuvunjavunja viini vya atomu za chuma, kisha hukwama likiwa halijafika hata kilomita 200 kutoka katikati. Lazima kitu kilifufue.

Wanafizikia Hans Bethe na James Wilson walieleza mwaka 1985 kwamba mfufuaji ni nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu. Nyutrino hubeba karibu asilimia 99 ya nishati ya mporomoko. Asilimia 1 tu ikinaswa nyuma ya wimbi, nyota imelipuka. Na kweli zilionekana: tarehe 23 Februari 1987, saa chache kabla ya mwanga wa supanova (mlipuko wa nyota) iitwayo 1987A, vigunduzi vya Japani, Marekani na Urusi vilinasa nyutrino kama dazeni mbili hivi. Chache mno, lakini zilitoka umbali wa miaka ya nuru takriban 168,000!

Hata hivyo, ushahidi huo unathibitisha kwamba nyutrino zilitoka, si kwamba ndizo zilizosukuma. Kwa miaka mingi kokotoo za kompyuta zilizoichukulia nyota kuwa duara kamili zilishindwa kuilipua. Wataalamu walipoiacha gesi itokote kama maji sufuriani, katika vipimo vyote vitatu (urefu, upana na kina), milipuko mingi ilipatikana, ingawa si kwa kila nyota.

Wanaotetea sumaku husema kiini kinachozunguka kwa kasi husokota nguvu zake za sumaku na kurusha maada kupitia ncha zake. Supanova 1998bw, iliyoambatana na mlipuko wa mionzi ya gama na kuwa na nishati kama mara 10 ya kawaida, inawapa hoja nzito. Nyutrino pekee haziwezi kufika huko. Tatizo ni kasi: nyota nyingi huzeeka viini vyao vikiwa vimepunguza mzunguko.

Kwa hiyo naegemea nyutrino kwa supanova za kawaida, na sumaku kwa zile chache za ajabu. Nyota ikilipuka ndani ya galaksi yetu leo, kigunduzi cha Super-Kamiokande cha Japani kitanasa nyutrino kwa maelfu, na kupanda na kushuka kwa wingi wa nyutrino hizo kutaonyesha kama gesi ilikuwa inatokota.