Sikuanguka, Nilijitupa

Kabla hamjaendelea kutumiana ile video yangu nikitumbukia mtoni Nile kutoka kwenye boti, hapa Jinja, Uganda, naomba nisikilizwe. Sikuanguka. Nilijitupa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake ndiyo iliyoponya uchumba wangu, ila rafiki yangu mwenye simu hakuona haja ya kuieleza. Yeye kaandika chini ya video, "Mkwe aenda kumtafuta Speke," akaitupa kwenye kundi la mtaa wetu wote wa Walukuba saa tano usiku. Asubuhi muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, wa njia panda akaniuliza kama chapati yangu aiweke sukari.

Haya. Sukari.

Mnaoijua boti yangu ya kutembezea watalii mnajua sakafu yake ilikuwa balaa. Mbao nzuri za mvule, nikazipaka rangi ya kung'aa ili zitoke vizuri kwenye picha za wageni. Zilitoka. Ila zikidondokewa na maji kidogo tu, zinakuwa mgongo wa kambare. Juzi juzi mgeni mmoja, mzungu mrefu, aliteleza akakalia ndoo ya barafu na soda zilizomo. Hakugomba, alisema barafu ilimsaidia, lakini nikajua siku zangu zinahesabika.

Halafu mchumba wangu akapiga simu: "Jumamosi Senga anakuja Jinja kukuona."

Ukiishi huku Busoga unajua senga, yaani shangazi wa binti, akija "kukuona" haji kukuona. Anakuja kukukagua kama mtu anayenunua mbuzi, mpaka meno. Nikaona nimpeleke kwenye chanzo cha Nile kwa boti yangu mwenyewe, aone kijana ana kazi. Na Senga hawezi kukalia ndoo ya barafu.

Nikaenda Masese kwa fundi wangu. Mzee huyu anaunda boti tangu mimi nachezea matope. Nikamwambia nataka sakafu isiyoteleza, na nataka ipendeze. Akacheka hilo neno la pili.

"Mdogo wangu, sakafu ya boti usiichague kwa macho. Chagua kwa nyayo."

Nikaanza na nyasi bandia, zile za kijani. Akakataa: zinashika maji, ubao wa chini hauoni jua, baada ya muda unautoboa kwa kidole. Nikasema basi bati la aluminiamu lenye vitone, kama lile la sakafu ya basi. Akaniuliza kama wageni wangu huvua viatu. Wanavua. "Basi saa nane mchana, hapa tulipo jirani na Ikweta, utawakaanga. Na hivyo vitone vikipakwa ute wa samaki na maji, vinateleza vilevile." Kuna ile sponji ngumu, jamaa ya malapa, inauzwa kwa vipande vikubwa vyenye gundi nyuma na mistari juu. Hiyo niliipenda sana, tamu mguuni. Fundi akapitisha kiganja kwenye mbao zangu, akanionyesha mabonde na milima, akasema gundi yake inataka mahali palaini na pakavu, na boti yangu haina hata kimoja. Bei alipoitaja nikaacha kuipenda.

Kwa hiyo ikabaki rangi na mchanga. Unapiga msasa mpaka mng'ao utoke, unapaka rangi, ikiwa bado mbichi unanyunyiza mchanga uliooshwa, ukaanikwa, ukachekechwa. Ikikauka unafagia uliokataa kushika, unapaka mkono wa pili juu yake. Rahisi, nafuu, na fundi alikuwa na gunia zima la mchanga limekaa tayari kwenye kibanda.

Hapo ndipo akili yangu ilipojifanya msomi. Nikafikiria magoti. Mashemeji zangu wamelelewa vizuri, wakinisalimia watapiga magoti, na mchanga ule ni msasa mtupu. Watachubuka. Senga ataona damu ya watoto wa ndugu yake kwenye boti ya muoaji. Nikamwambia fundi nitafikiria.

Usiku nikaona video. Bwana mmoja wa ng'ambo, boti yake nyeupe kama jino, anapaka rangi halafu ananyunyiza sukari. Ndiyo, sukari hii ya chai. Rangi ikikauka sawasawa anaosha kwa maji ya uvuguvugu, sukari inayeyuka, vinabaki vishimo vidogo vidogo. Haichubui na haitelezi. Na msije mkasema nilidanganywa: ujanja huu ni wa kweli, wenye boti wanautumia, wengine hata chumvi. Kosa halikuwa la sukari. Kosa lilikuwa la huyu anayewaandikia.

Ningeachaje? Mimi wa Jinja, nimekua malori ya miwa yakinipita kwenda kiwanda cha sukari cha Kakira, leo nihangaike na mchanga?

Nikaingia dukani nikaomba kilo tatu. Mwenye duka akanitazama. "Una msiba au unapika waragi?"

"Napaka boti."

Akanipa sukari bila kuuliza tena. Sasa hivi naambiwa anawasimulia wateja kwamba yeye alijua mapema.

Alhamisi jioni nikapaka. Nikapaka nzito, maana niliona rangi ikiwa nzito itashika sukari vizuri. Nikanyunyiza kwa mkono kama mtu anayewalisha kuku. Ilipendeza, jamani! Ilimetameta kama keki ya harusi. Usiku ikanyesha, na turubai langu lina matundu ninayoyajua kwa majina.

Ijumaa asubuhi nilipofika ufukweni, kamba ya kufungia boti ilikuwa inatembea. Nikafikicha macho. Ilikuwa inatembea kweli. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye mti hadi kwenye omo la boti, mstari wa kwenda na mstari wa kurudi, kila anayerudi amebeba chembe moja nyeupe kichwani. Rangi nikaigusa kwa kidole: juu ngozi, chini uji. Nikajiambia kesho itakuwa tayari. (Wewe mwenye kupaka rangi kwa riziki, najua unashika kichwa. Kishike tu.)

Jumamosi alfajiri nikachemsha maji kwa jiko la mkaa nianze kuosha. Nusu ya mbele nikaiosha vizuri, na ili nionekane mtu wa kazi nikaongeza sabuni ya unga. Mkaa ukaisha. Kabla sijapata mwingine, simu: wageni wamefika, wako getini. Nusu ya nyuma nikaifagia, nikaiangalia, nikaiombea.

Sasa nielewane na ninyi kuhusu hali ya boti hiyo saa nne asubuhi. Nyuma, kuanzia injini mpaka katikati: gundi. Mbele, kuanzia katikati mpaka omo: sabuni juu ya rangi ya kung'aa. Na mimi nimevaa mokasini mpya zisizo na kamba.

Nilitegemea watu watatu, Senga na mashemeji wawili. Wakashuka garini watatu, halafu mlango wa mbele ukafunguka akashuka wa nne. Mama mkwe.

Kwa ndugu zangu wa Tanga na Mwanza mnaonifuata: huku kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hakuna kupeana mkono, hakuna kukaa kiti kimoja, hata nguo zisipapasane. Wazee wanasema ukimgusa utapata obuko, mwili utetemeke usikome. Unaweza usiamini. Mimi siku hiyo niliamini kwa kila kiungo.

Kwa hiyo tukapanga. Mama mkwe benchi la mbele kabisa, amenipa mgongo. Senga katikati na gomesi lake la zambarau, lile vazi refu la heshima la akina mama wa huku, limefagia chini kama linavyotakiwa. Mashemeji nyuma, karibu nami. Rafiki yangu kwenye injini, mkono mmoja usukani, mwingine simu. Kila mtu amefungwa jaketi la kuokolea, hapo silaumiki.

Tukaondoka. Nikaanza hotuba yangu: Speke, yule Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alifika hapa mwaka 1862, maporomoko ya Ripon yalikuwa pale, yakazama bwawa lilipojengwa, likafunguliwa mwaka 1954, na tone la maji likitoka hapa tunasema linatembea miezi mitatu mpaka lione bahari. Senga akaitikia kwa kichwa. Nikaona nimepita somo la kwanza.

Shemeji mdogo akapiga magoti anisalimie. Nikamjibu. Akabaki chini. Nikadhani ni heshima. Nikamjibu mara ya pili. Akabaki. Akaninong'oneza, uso umemwiva, "Shemeji, magoti hayatoki."

Wakati huohuo Senga akataka kusimama aione sanamu ya Gandhi kule bustanini. Akainuka nusu, gomesi halikuinuka. Akavuta. Sakafu ikavuta. Akakaa tena taratibu, akasema kwa sauti ya upole inayotisha kuliko kelele: "Mwanangu, boti yako imenishika nguo."

"Ni rangi mpya, Senga. Haitelezi kabisa."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu.

Nikaona niwatulize kwa vinywaji. Sinia, soda nne, bakuli la karanga. Nikaanza safari kutoka nyuma kwenda mbele. Kila hatua kiatu kinasema *chwaa*. Nanyanyua mguu, *chwaa*, natembea kama korongo matopeni, natabasamu. Nikampita shemeji aliyeganda. Nikampita Senga. Hatua ya mwisho ya nusu ya gundi, kiatu cha kulia kikagoma. Nikavuta. Kikagoma. Nikavuta kwa nguvu zote alizonipa Mungu, na kiatu kikabaki palepale, mimi nikatoka.

Nikatua kwa soksi. Kwenye sabuni.

Jamani, ile safari kwa macho yenu ni sekunde mbili. Mimi niliishi mle. Niliona karanga zikiinuka kutoka kwenye bakuli zote pamoja, kama kundi la ndege, zikasimama hewani. Niliona nguzo ya turubai ikinijia, nikataka kuishika, mkono ukaniuliza sinia uliachie nani. Niliona mgongo wa mama mkwe. Halafu, kwa sababu alisikia kishindo, nikauona mgongo ukigeuka na kuwa bega, bega likawa sikio, sikio likawa jicho. Jicho moja, kubwa. Mkoba mweusi mapajani. Viatu vyeupe vimewekwa sambamba kama vya kanisani. Na mimi naelekea palepale mapajani, miguu mbele, sinia juu, kama mtoto anayemkimbilia mama yake.

Mapajani kwa mama mkwe! Nikaona maisha yangu yote ya kutetemeka. Nikaona nashindwa kushika kikombe mpaka uzeeni. Kushoto kulikuwa na maji, mapana, ya kijani, hayana undugu na mtu. Nikapinda kiuno, nikapiga teke benchi, nikapita ukingoni. Kati ya kiwiko changu na bega lake palibaki nafasi ya kupitisha chapati moja. Na nikiwa hewani nikasema, "Samahani, Mama." Isikilizeni video vizuri, inasikika. Mtu anayeanguka haombi radhi. Anayeomba radhi amejitupa.

Mengine nayapitisha haraka maana mmeshayaona. Jaketi likaniibua kama jerikeni. Mkondo ukaanza kunipeleka Misri. Rafiki yangu akazungusha boti, ila kwanza alimaliza kurekodi. Nyuki wawili watatu walikuwa wamefika kwenye soda. Shemeji alibanduliwa kwa mafuta ya taa. Senga alikatwa upindo wa gomesi kwa kisu cha kumenyea maembe, kwa idhini yake, huku akinitazama. Soksi ya kulia sijaipata mpaka leo. Nahesabu miezi mitatu.

Nchi kavu hakuna aliyesema neno mpaka garini. Jioni mchumba akapiga simu. Nikasikia analia, nikakaa chini. Kumbe anacheka. Akasema mama yake njia nzima mpaka Iganga alikuwa kimya, halafu walipofika akamwambia Senga, "Kazi hajui. Adabu anayo." Na orodha ya vitu vya kupeleka siku ya kujitambulisha ilikuwa na gomesi mbili, sasa ni tatu, ya tatu wameandika rangi: zambarau.

Fundi alikuja Jumatatu na gunia lake, hakuniuliza kitu. Amekwangua rangi yote, amenyunyiza mchanga, amenikataza kuikanyaga mpaka atakaponiambia mwenyewe. Amebakiza sehemu moja tu, pale katikati, upana wa kiganja. Ule upindo wa gomesi umegoma kutoka, kakwangua mpaka kisu kimepinda. Akanyoosha mgongo, akaukanyaga kwa kisigino, akausukuma mbele, akausukuma nyuma.

"Hapa," akasema, "hapatelezi."