Kabla ya haibridi ya kuchaji, angalia LUKU yako

Wanaotafuta gari la juu la familia hapa Dar siku hizi wanauliza: nichukue haibridi ya kuchaji, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota za umeme na betri unayoichaji nyumbani, au nibaki na petroli? Majibu mengi ninayoyasikia yanaanzia kwenye gari, yaani injini, umbo na bei ya yadi. Mimi naanzia nyumbani, kwenye LUKU, mita ya umeme ya kulipia kabla. Kama una mita yako peke yako na gari linalala ndani ya geti, chukua haibridi ya kuchaji, na nitakutetea mbele ya fundi yeyote atakayekukatisha tamaa. Kama umepanga kwenye nyumba yenye LUKU moja ya kuchangia, nunua petroli.

Tupige hesabu kwanza. Chukua Mitsubishi Outlander PHEV iliyotoka Japani kuanzia 2013. Ina injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme, moja mbele na nyingine nyuma, na betri inayobeba uniti 12 za umeme (kWh). Kiwandani waliiandikia kilomita 60 kwa umeme mtupu. Kwa foleni zetu, kiyoyozi kikiwa kimewaka kuanzia Mbezi mpaka Posta, na betri ambayo si mpya, mimi naipa kilomita 40 na siongezi. Kuirudisha chaji usiku kutakula uniti 11 hivi. Kwa tarifa ya kawaida, elfu kumi inakupa uniti 28, kwa hiyo chaji hiyo haifiki shilingi 4,000.

Gari la petroli la lita 2.4 likishinda kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala, ukipata kilomita 8 kwa lita umepata bahati. Kilomita 40 ni lita tano, na tukichukulia petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, ni 15,000. Tofauti ni kama 11,000 kwa siku. Piga siku za kazi za mwezi mzima, inakaribia laki mbili na nusu. Kwa familia yenye watoto shuleni, hiyo ni ada.

Watu hudhani gari la namna hii linang'aa barabara kuu, kumbe uwanja wake ni foleni. Injini ya petroli inaunguza mafuta hata mmesimama, kwa ajili ya kiyoyozi tu. Haibridi ikiwa na chaji, injini inazimwa, kiyoyozi kinavuta umeme wa betri, na kila unapokanyaga breki mota zinageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu. Ukishapita Kibaha kuelekea Moshi au Dodoma, betri itaisha mapema, na kuanzia hapo unatembea kwa petroli huku umebeba uzito wa betri na mota.

Sasa LUKU. Chaji ya kila siku ya kazi ni kama uniti 240 kwa mwezi. TANESCO ina tarifa ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Kama nyumba yako ilikuwa humo, gari litaitoa, na hata friji na televisheni zitaanza kulipiwa kwa bei ya juu. Zile uniti 75 zilizokuwa zinakugharimu kama 9,000 zitafika karibu 27,000. Ni kero, ila ukilinganisha na unachookoa kwenye mafuta haitoshi kubadili uamuzi, mradi mita ni yako.

Kwenye nyumba ya kuchangia mambo ni mengine kabisa. Mnachanga elfu tano tano, halafu gari la mpangaji mmoja linakunywa umeme kuliko nyumba nzima. Hata ukisema utaongeza mchango, nani atakuamini hesabu yako? Submita, yaani mita ndogo ya kupima umeme wako peke yako, inaweza kuondoa ugomvi huo mwenye nyumba akikubali, lakini bado kuna waya. Nimeona ekstensheni nyepesi imepitishwa dirishani, imekatiza ua, imefika kwenye gari lililoegeshwa nje. Chaji inavuta umeme mwingi kwa saa nne au tano mfululizo, na waya ule unachemka watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Hilo silikubali kwa akiba yoyote ya mafuta.

Wapo wanaosema mgawo wa umeme utakukwamisha, lakini hoja hiyo haina uzito hapa. Umeme ukikatika, haibridi inatembea kwa petroli kama gari jingine. Na Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limetutoa kwenye hali tuliyokuwa nayo mwishoni mwa 2023.

Kodi, kwa kifupi: ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini, asilimia 5 kuanzia cc 1,000 mpaka cc 2,000 na asilimia 10 kuzidi hapo. Outlander ya kwanza ina cc 1,998, iko chini ya mstari. Ile ya 2018 yenye injini ya lita 2.4 imeuvuka. Lakini ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, unaanza gari likifika miaka minane, na ukizidi kumi unapanda. Kwa hiyo ile ya 2013 inayovutia kwa bei inakupiga mara mbili, bandarini na kwenye betri iliyochoka. Usimlipe muuzaji mpaka uone kipimo cha afya ya betri kilichosomwa kwa kompyuta, si picha ya dashibodi.

Jambo jingine wauzaji hawalitaji. Outlander ya petroli unaipata ya viti saba. Hii ya kuchaji ya kizazi cha kwanza ina vitano tu, na nyingi hazina tairi la akiba. Familia inayobeba bibi na wadogo kwenda Moshi kila Desemba iyapime hayo kabla ya rangi. Tundu la umeme lililomo ndani pia ni la volti 100 za Kijapani, usichomeke kifaa cha hapa. Na nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa volti kama 300: fundi wako wa Tandika, hata awe hodari namna gani kwenye Nissan X-Trail ya petroli, asiziguse kama hakufundishwa. Spea za X-Trail utazipata Shauri Moyo asubuhi na ukalala na gari lako zima. Kwa hii jiandae kusubiri.

Na wewe unayejenga sasa hivi Goba, Madale au Kibada, hata kama leo unanunua petroli, mwambie fundi umeme avute saketi ya peke yake mpaka kwenye maegesho, yenye waya mnene, ethi ya kweli na swichi yake kwenye bodi, kabla ukuta haujapigwa plasta. Wakati huo gharama yake ni ndogo.